Jumba la sinema la zamani katikati ya jiji chini ya usimamizi mpya: nani ameshakwenda, na ameonaje?

Mlezi wa Chama cha Filamu

Wapenzi wa sinema wa Nairobi, nawasalimu. Naandika kuhusu lile jumba la zamani katikati ya jiji ambalo lilikaa limefungwa kwa muda mrefu na sasa limefunguliwa tena na wasimamizi wapya. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sitaki kumharibia mtu riziki kabla sijasikia wengine wanasemaje, lakini wengi wenu mtalitambua kwa ngazi zake pana na kwa balkoni yake, ambayo majumba ya sinema ya siku hizi hayana.

Nilikwenda Jumamosi iliyopita, onyesho la saa kumi na mbili na nusu jioni, pamoja na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 71, ambaye alikuwa akienda pale na marehemu baba kabla hawajaoana. Nianze na yaliyonifurahisha, maana yapo. Vyoo ni visafi na vina maji, viti ni vipya na havilii mtu anapogeuka, bisi zilikuwa za moto, na binti aliyekagua tiketi alimshika mama mkono akamsindikiza hadi kwenye kiti chake bila kuombwa.

Taa zilipozimwa ndipo mambo yalipoharibika. Picha ilikuwa na giza kiasi kwamba tukio moja la usiku tulilifuata kwa masikio tu, vichwa vya wahusika vilikatwa juu, na maandishi ya tafsiri yaliingia nusu yake chini ya ukingo wa skrini. Sauti nayo ilikuwa kubwa lakini haisikiki: muziki ulitikisa viti, ilhali maneno yalikuwa kama yanatoka ndani ya mtungi. Mama aliniuliza mara tatu, "Amesema nini?", na baada ya hapo akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma. Filamu ilipokwisha, taa ziliwashwa kabla majina ya walioitengeneza hayajapita, na wafagiaji wakaingia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na mlezi wa chama cha filamu shuleni kwetu. Nina wanafunzi 40 ambao wengi wao hawajawahi kuona filamu popote isipokuwa kwenye simu na runinga, na nilikuwa nimeshapanga kuwapeleka pale muhula huu, kwa sababu nataka waione sinema ndani ya jumba lililojengwa kwa ajili ya sinema. Je, yaliyonipata ni ya siku moja, au ndivyo hali ilivyo? Na je, kuna namna ya kuzungumza na wasimamizi hao wakasikia, au niwapeleke watoto kwenye sinema za maduka makubwa ya pembeni mwa jiji?

Mzee wa Ngara

Mwalimu, pole kwa yaliyompata mama. Mpelekee salamu zangu, maana huenda tuliwahi kupanga foleni moja.

Nimekulia Ngara, na sinema yangu ya kwanza ilikuwa Shan, ambako familia za Kihindi zilijaa kila Jumapili na sisi wengine tukaingia tukajifunza nyimbo ambazo maneno yake hatukuyaelewa. Nilipoanza kazi nikawa mtu wa mjini: Kenya Cinema kwenye Moi Avenue, 20th Century kwenye Mama Ngina Street, Embassy na Odeon upande wa Latema, na Cameo kwenye Kenyatta Avenue, jengo ambalo lilifunguliwa mwaka 1912 likiitwa Theatre Royal. Kabla ya filamu kuanza Wimbo wa Taifa ulipigwa, na ukumbi mzima ukasimama, aliye chini na aliye kwenye balkoni. Kisha zikaja kanda za video katika miaka ya 1980, watu wakabaki nyumbani, na majumba yakaanza kufa moja baada ya jingine. Mengine yakawa makanisa, mengine vibanda vya nguo na simu. Shan ilipata bahati, kwa sababu imekuwa Sarakasi Dome na bado ni mahali pa maonyesho, ingawa si ya filamu. Makondakta wanaendelea kuita "Odeon!" na "Globe!" na "Belle Vue!" mchana kutwa, na vijana wanaoshuka hapo hawajui kwamba wanashukia kwenye majina ya sinema.

Nayasema haya ili ueleweke uzito wa mtu kulifungua tena jumba la aina hiyo. Kuna wenzangu wanaolilia usimamizi wa zamani, nami siwaungi mkono. Katika miaka ya mwisho tulikaa tumeinua miguu kwa sababu ya panya, viti vilikuwa vimechanika hadi chuma kinachoma mgongo, na kuna msimu wa mvua ambapo safu tatu za mbele zilifungwa kwa kuwa paa lilivuja. Hawa wapya wameziba paa. Wamelipa mafundi, wamelipa kodi ya jengo, na wamewasha taa za mbele ambazo nilidhani sitaziona tena. Hilo nawaheshimu nalo.

Lakini niliingia mwezi uliopita na jambo moja lilinishtua kabla hata sijaketi. Zamani kuta za ukumbi zilikuwa na mapazia mazito kutoka juu hadi chini, na sakafu ilikuwa na zulia jekundu. Sasa kuta ni tupu, zimepigwa rangi nzuri sana, na sakafu ni vigae vinavyong'aa. Nilikohoa, na kikohozi changu kikanirudia. Mimi si fundi wa sauti. Kama yuko humu anayejua, atuambie iwapo ndiyo sababu ya yale maneno ya mtunguni.

Kijana wa Umoja

Mimi nimekwenda mara sita tangu lifunguliwe, na ningependa nitoe upande wangu, kwa sababu kwa mtu anayefanya kazi mjini jumba hili ni neema. Natoka kazini saa kumi na moja, natembea dakika nane, natazama filamu, na tiketi ya siku za katikati ya wiki ni nafuu kuliko ya kule kwenye maduka makubwa, ambako pia ningelipa nauli ya kwenda na kurudi. Wafanyakazi wana adabu. Siku moja onyesho lilishindikana kabisa tukiwa tumeshaketi. Meneja alikuja mbele, akaomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe, na pesa zikarudi kwenye simu zetu kabla hatujafika mlangoni.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza ni muda. Tiketi inasema saa kumi na mbili na nusu, lakini matangazo ya biashara huendelea kwa karibu nusu saa, na kwa sisi wa Eastlands nusu saa hiyo ndiyo tofauti kati ya kupata matatu kwa nauli ya kawaida na kusimama stejini saa tatu unusu usiku umeshikilia mfuko. La pili ni kwamba matangazo hayo yana kelele za kuumiza masikio, halafu filamu yenyewe ikianza inanong'ona. Tofauti na Mwalimu, siku nilizokwenda sauti yote ilikuwa chini, si maneno peke yake. Picha nayo naona iko sawa upande wa kati, ila ukikaa pembeni inafifia.

Fundi wa Rili

Mwalimu, nimefanya kazi kwenye vyumba vya projekta vya jiji hili kwa miaka mingi, tangu enzi za rili, yale magurudumu ya utepe wa filamu, hadi nilipostaafu, ingawa si katika jumba hilo. Umezieleza dalili vizuri, na karibu kila moja ina chanzo kinachojulikana.

Zamani filamu ya milimita 35 ilipita mbele ya taa kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya saa mbili ilikuwa na picha 172,800 kwenye utepe wa zaidi ya kilomita tatu, na utepe huo ulitufikia umegawanywa katika rili za dakika 20 hivi. Tulikuwa na projekta mbili zimesimama kando kwa kando. Rili ilipokaribia kwisha, alama ndogo ya duara ilitokea kwenye pembe ya juu ya picha upande wa kulia, tukawasha mota ya projekta ya pili, na alama ya pili ilipotokea tukabadilisha, mteja asijue. Kazi hiyo ilikulazimu ukae ukiitazama picha muda wote. Siku hizi filamu inafika ndani ya diski, inahamishiwa kwenye seva, yaani kompyuta ya kuihifadhi, na ratiba ya wiki nzima inapangwa kwa asubuhi moja. Mwenye jumba akishaona kwamba mashine inajiendesha, mshahara wa kwanza kukatwa ni wa fundi wa projekta, na kuanzia hapo hakuna anayeitazama picha isipokuwa aliyelipia tiketi. Mengi ya unayolalamikia yameanzia hapo.

Tuchukue giza. Kipimo kinachokubalika duniani kwa mwanga wa skrini ya sinema ni kandela 48 kwa mita ya mraba. Taa ya zenoni huzeeka, ikapoteza mwanga polepole kiasi kwamba wanaoiona kila siku hawatambui, na kwa kuwa ni ya bei, wengi huichelewesha kuibadilisha. Lakini sababu ninayoishuku zaidi ni nyingine. Jumba likiwa na mtambo wa filamu za 3D, zile za kuvaa miwani, mbele ya lenzi huwekwa kichujio, na kichujio hicho hula zaidi ya nusu ya mwanga. Onyesho la 3D likiisha, mtu anatakiwa akiondoe. Asipokiondoa, filamu ya kawaida inayofuata itaonyeshwa kwa mwanga wa jioni. Aina nyingi za 3D huhitaji pia skrini ya rangi ya fedha, ambayo inang'aa katikati na kufifia pembeni, na hapo Kijana wa Umoja amejibiwa.

Vichwa vilivyokatwa ni kosa la sekunde moja. Filamu nyingi huja katika umbo moja kati ya mawili, moja likiwa na upana mara 1.85 ya kimo chake na jingine mara 2.39, na kila umbo lina mpangilio wake wa lenzi uliohifadhiwa kwenye projekta. Aliyepanga ratiba alichagua mpangilio wa umbo lisilo lake. Angeingia ukumbini dakika mbili za mwanzo, angeliona na kulirekebisha kwa kubofya mara moja. Taa kuwashwa mapema ni vivyo hivyo: ni amri iliyowekwa kwenye ratiba, na mtu aliiweka kwenye mwanzo wa majina badala ya mwisho wake.

Onyesho lililoshindikana, huenda ni suala la ufunguo. Filamu hizo hufungwa kwa siri, na msambazaji hutuma ufunguo wa kidijitali unaokubali projekta ile tu na kwa tarehe zile tu. Ufunguo ukichelewa au ukiisha muda, diski yako haina maana yoyote.

Sasa sauti, na hapa namshukuru Mzee wa Ngara kwa kikohozi chake. Maneno ya wahusika hutoka zaidi kwenye spika ya katikati, iliyo nyuma ya skrini yenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa mbali. Spika hiyo ikidhoofika, au mtu akiongeza spika za besi ili ukumbi "utetemeke", muziki humeza maneno. Halafu ongezea vigae na kuta tupu. Zulia na mapazia mazito hayakuwa mapambo. Yalikuwa yanameza mwangwi. Katika ukumbi mkubwa wenye dari refu, neno likigonga ukuta usio na kitambaa hurudi na kulikanyaga neno linalofuata. Vigae ni rahisi kudeki, hilo nalielewa, lakini aliyeshauri vigae kwenye ukumbi wa sinema hakuwahi kuutengenezea sauti. Hali huwa mbaya zaidi ukumbi ukiwa na watu wachache, kwa sababu miili na nguo za watu nazo humeza sauti. Wanafunzi wako 40 wenyewe watasaidia kidogo.

Kuhusu matangazo, mtambo wa sauti una kidhibiti ambacho kiwango chake rasmi ni 7. Matangazo hurekodiwa kwa kelele, wateja hulalamika, mfanyakazi hushusha hadi 4 au 5, na filamu ikianza hakuna anayepanda kurudisha. Ndiyo minong'ono anayoisema Kijana.

Nenda ukamwone meneja siku ambayo hakuna onyesho kubwa, asubuhi, umwombe akuonyeshe filamu yoyote kwa dakika tano ukiwa umekaa katikati ya ukumbi. Muulize kama kichujio cha 3D kimeondolewa, na muulize kwa upole ni nani aliyepewa kazi ya kuitazama picha. Akikosa jina la kukutajia, umepata jibu.

Magurudumu Mawili

Naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa. Zile ngazi pana mnazozisifu kwangu ni ukuta, kwa sababu natumia kiti cha magurudumu. Nilipiga simu kabla ya kwenda, nikaambiwa kwamba hakuna tatizo. Nilipofika, hapakuwa na njia ya mteremko wala lifti, na "hakuna tatizo" ilikuwa na maana kwamba vijana wanne wangenibeba. Walinibeba kwa heshima, siwalaumu. Lakini mtu mzima kubebwa mbele ya foleni si kuingia sinema.

Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo, na jengo kuwa la zamani halifuti haki hiyo. Walipokuwa wameibomoa sakafu ili waweke hivyo vigae, ndio ulikuwa wakati wa kujenga mteremko. Mlango wa pembeni, ule wa dharura, upo usawa na barabara. Nimeuona kwa macho yangu. Mwalimu, kama utakutana na meneja, na kama miongoni mwa wanafunzi wako kuna mwenye hali kama yangu, tafadhali uulizie mlango huo.

Mama wa Pacha

Nitasema kwa ufupi. Niliwapeleka wanangu wa miaka tisa kuona katuni mchana, na kabla ya katuni wakaonyesha vipande vya kutangaza filamu ya kutisha iliyowekewa daraja la 16 na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Mmoja alilia hadi tukatoka. Mwalimu, kabla ya kuwapeleka wanafunzi, hakikisha unajua kinachoonyeshwa kabla ya filamu yenyewe, si filamu peke yake.

Mlezi wa Chama cha Filamu

Nimerudi kuwapa habari, na nawashukuru nyote, hasa Fundi, ambaye maelezo yake niliyachapisha nikayabeba kwenye mkoba.

Nilikwenda Jumanne asubuhi. Nilitarajia kuzungushwa, lakini meneja, kijana wa umri kama wa mdogo wangu, alinipokea ofisini, akasoma maelezo yale yote kimya, kisha akaniomba tupande pamoja. Chumba cha projekta kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulichukua muda kupatikana. Kichujio cha 3D kilikuwa pale pale mbele ya lenzi. Alikiondoa akanirudisha ukumbini, nikaketi safu aliyokaa mama, akaonyesha tukio lile lile la usiku. Niliona nyuso. Niliona kwamba nyuma ya wahusika kulikuwa na mto, ambao Jumamosi ile sikujua kama upo.

Nilipomuuliza nani anaitazama picha, hakunitajia mtu. Alisema kwa unyoofu kwamba waliichukua biashara wakiwa na pesa za kutengeneza paa na viti, wakaamini kwamba mashine mpya haihitaji mtu. Tangu siku hiyo amempa kazi yule binti aliyemsindikiza mama: ataingia ukumbini mwanzo wa kila onyesho na tena baada ya matangazo, akiwa na simu ya kumpigia aliye juu. Meneja anataka binti huyo afunzwe. Fundi, nimechukua uhuru wa kusema kwamba yupo mzee humu anayeweza kumfunza, na ameomba mkutane kama utapenda, nakuandikia faraghani.

Kuhusu sauti, spika za besi zimepunguzwa na maneno yamepata nafuu, ila mwangwi upo. Ameahidi zulia kwenye vijia kabla ya mwezi kwisha, na mapazia ya kuta baadaye. Mapazia hayo ni gharama kubwa, na sikutaka kumlazimisha aahidi asichoweza. Vipande vya matangazo kwa ajili ya wanafunzi wangu vitaondolewa vyote, na hilo limeandikwa kwenye karatasi ya malipo. Muda wa matangazo ya jioni hakukubali kuupunguza; anasema ndiyo yanayolipa umeme, lakini amekubali saa halisi ya filamu kuanza iandikwe kwenye tiketi. Sijaridhika na jibu hilo, na Kijana wa Umoja ana haki ya kuendelea kulidai.

Mlango wa pembeni tuliukagua pamoja. Magurudumu Mawili, ulisema kweli: uko usawa na barabara. Ndani yake kuna vidato viwili tu, na kando yake kulikuwa na masanduku ya soda yaliyorundikwa hadi dirishani, ambayo nilisisitiza yaondolewe, kwa kuwa huo ni mlango wa dharura. Seremala alikuwa jengoni siku hiyo akitengeneza kaunta. Meneja alimwita tukiwa tumesimama pale, akampa vipimo vya mteremko wa mbao. Nitaupitia mwenyewe kabla ya kuwaleta watoto, na kama utakubali, ningependa tuupitie pamoja.

Kwa hiyo safari ya wanafunzi ipo, wiki ya tatu ya mwezi ujao, onyesho la asubuhi. Kabla ya hapo, Jumapili hii nakwenda na mama. Nilimwambia kwamba kuna filamu nyingine mpya. Amekataa. Anataka ile ile, kwa sababu anataka kujua yule bwana alisema nini.